Kuunganisha Skrini ya Herufi kwenye Bodi ya Arduino Uno

Skrini ya herufi yenye mistari miwili na visanduku 16 katika kila mstari, ile ambayo wengi huiita 1602, ni miongoni mwa vipuri vya kwanza ambavyo kijana wa Lubumbashi anayejifunza elektroniki hununua baada ya kupata bodi ya Arduino, yaani kompyuta ndogo ya kuongozea vipuri vya elektroniki. Ndiyo pia kipuri kinachotuhumiwa bure kuliko vingine. Ina pini 16, na mtu akiziunganisha zote kwa mara moja, akawasha umeme na kukuta kioo kitupu, hana namna ya kujua kama kosa liko kwenye taa, kwenye ukolevu wa herufi, kwenye waya za data au kwenye programu. Basi huhitimisha kwamba skrini imekufa na kuitupa. Mwongozo huu unafuata njia nyingine. Tutaunganisha kwa sehemu, tutawasha umeme baada ya kila sehemu, na hatutaendelea mpaka skrini yenyewe itoe ishara kwamba sehemu hiyo imekaa sawa.

Kinachohitajika ni skrini, bodi ya Arduino Uno pamoja na kebo yake ya USB, ubao wa majaribio wenye vitundu, potenshometa ya kiloomu 10, rezista moja ya omu 220, na waya 16 hivi za kuunganishia. Multimita, kifaa cha kupimia umeme, si lazima, lakini fundi asiye nayo hufanya kazi kwa kubahatisha. Waya si lazima zinunuliwe. Kipande cha kebo ya mtandao wa kompyuta, ile inayopitishwa ukutani na yenye waya ngumu za uzi mmoja, kina waya nane za rangi mbalimbali ndani yake, na unene wake unaingia vizuri katika vitundu vya ubao. Kebo laini ya kuunganishia kompyuta mezani haifai, kwa sababu ndani ina nyuzi nyingi nyembamba ambazo hujikunja badala ya kuingia. Inashangaza kwamba katika mji uliojengwa juu ya shaba waya nyembamba ya shaba bado ni kitu cha kutafuta, lakini ndivyo ilivyo, na mabaki ya kebo hiyo ni hazina. Vilevile potenshometa inaweza kutolewa kwenye redio iliyoharibika, ambako ilikuwa ikiongeza na kupunguza sauti. Iliyoandikwa B10K ndiyo bora. Ya kiloomu 20 au 50 nayo itafanya kazi, ila itakuwa ngumu zaidi kuirekebisha kwa usahihi.

## Pini na risasi

Skrini nyingi huuzwa huku safu ya pini ikiwa pembeni, haijalehemiwa. Wapo wanaoipenyeza tu kwenye matundu na kuiegemeza kidogo, wakitumaini kwamba chuma kikigusa chuma inatosha. Haitoshi, kwa kuwa pini moja ikilegea kwa nukta moja tu ya sekunde, skrini hupoteza mpangilio wa data na kuanza kuandika vitu visivyosomeka, kama tutakavyoona mbele. Ingiza upande mrefu wa pini kwenye ubao wa majaribio, laza skrini juu ya upande mfupi, kisha lehemu pini moja tu ya pembeni. Itazame kwa ubavu. Ikiwa imeinama, pasha moto pini hiyo tena na uinyooshe, maana ukishalehemu zote 16 hakuna tena cha kunyoosha. Ncha ya chuma cha kulehemu iguse pini na duara la shaba kwa pamoja kwa sekunde mbili au tatu, ndipo uzi wa risasi uguswe hapo kwenye kiungo, si kwenye ncha ya chuma. Kiungo kizuri huwa na umbo la koni fupi linalong'aa, na kibaya huwa kidonge cha mviringo kilichokaa juu ya pini bila kushika shaba iliyo chini. Asidi ambayo mafundi wa mabati hutumia kulehemu ndoo na mifereji isikaribie kazi hii kabisa, kwa sababu huendelea kula shaba ya sakiti hata baada ya kazi kwisha. Tumia uzi wa risasi wenye utomvu ndani yake, fungua dirisha, na unawe mikono kabla ya kula.

Baada ya hapo, soma maandishi yaliyo kando ya pini. Kwa kawaida pini ya 1 ni VSS (hasi ya umeme), ya 2 ni VDD (chanya), ya 3 ni VO (ukolevu wa herufi), ya 4 ni RS, ya 5 ni RW, ya 6 ni E, za 7 hadi 14 ni D0 hadi D7, na mbili za mwisho, A na K, ni za taa ya nyuma. Nimeandika «kwa kawaida» kwa makusudi: zipo skrini ambazo pini za taa zimewekwa kabla ya pini ya 1, na zipo ambazo namba zake zinaanzia upande wa pili. Maandishi ya kwenye kipuri chako yana haki kuliko mchoro wowote. Ukibadilisha VSS na VDD, chipu itapata joto kali na inaweza kuungua papo hapo. Kosa hilo ni miongoni mwa machache yanayoiua skrini kweli.

## Taa kwanza

Unganisha pini ya 5V ya Arduino kwenye mstari mwekundu wa ubao wa majaribio, na pini ya GND, yaani upande hasi wa umeme, kwenye mstari wa buluu au mweusi, kisha uiunganishe bodi na kompyuta kwa kebo ya USB. Kwa sasa bodi ni chanzo cha umeme tu. Programu iliyomo ndani yake haituhusu. Angalia jambo moja ambalo huwapoteza wengi: katika mbao ndefu, mistari hiyo ya umeme mara nyingi imekatika katikati, ingawa rangi iliyochorwa juu yake huenda ikaonekana kama inaendelea. Ukiona nusu ya ubao haina umeme, weka kipande cha waya kuziunganisha nusu hizo mbili.

Chomoa kebo, na uchomoe kila mara kabla ya kugusa waya. Peleka K kwenye GND, na A kwenye 5V kupitia rezista ya omu 220. Skrini kadhaa zina rezista ya taa tayari kwenye ubao wake, lakini kuongeza nyingine hakuna madhara ila kupunguza mwanga kidogo, ilhali kuikosa pale inapohitajika huunguza taa. Rudisha kebo. Skrini iwake, buluu au kijani kulingana na aina yake. Isipowaka, usiendelee: geuza multimita upime volti kati ya 5V na GND kwenye ubao, kisha kati ya A na K, na utajua umeme umeishia wapi.

## Safu ya vijisanduku

Sasa unganisha VSS kwenye GND na VDD kwenye 5V. Chukua potenshometa: mguu mmoja wa pembeni uende 5V, wa pembeni mwingine uende GND, na wa katikati uende VO, pini ya 3. Washa, kisha zungusha taratibu kutoka mwisho mmoja hadi mwingine. Karibu na upande wa GND, mstari wa juu utatokeza vijisanduku 16 vyeusi au vyeupe vilivyojaa, na mstari wa chini utabaki mtupu.

Hii ndiyo hatua yenye thamani kuliko zote, na ndiyo inayorukwa. Vijisanduku hivyo si hitilafu. Vinamaanisha kwamba chipu ya skrini imepata umeme, iko hai, na inasubiri maagizo ambayo bado hayajafika. Kinyume chake, mtu aliyeacha VO bila kuiunganisha, au aliyegeuza potenshometa upande wa 5V, anaweza kuwa na waya zote sawa na programu isiyo na kosa hata moja, na bado asione kitu chochote, kwa sababu herufi zimeandikwa lakini hazina ukolevu wa kuonekana. Skrini hufanya kazi vizuri VO ikiwa na kiasi kidogo tu cha volti, kwa kawaida chini ya volti moja. Ndiyo maana mtu asiye na potenshometa anaweza kuweka rezista ya kiloomu 1 au 2 kati ya VO na GND, na mara nyingi herufi zikasomeka.

Ukizungusha kote na vijisanduku visitokee, kagua kiungo cha pini ya 1, ya 2 na ya 3. Hapo ndipo risasi mbaya hujitokeza.

## Waya za data

Chipu inayoongoza skrini hizi ni HD44780 iliyobuniwa na Hitachi ya Japani katika miaka ya 1980, au nakala yake iliyotengenezwa na kiwanda kingine, na nakala zote zimeendelea kufuata lugha ya ile ya kwanza. Ina njia nane za data, lakini walioibuni waliipa pia uwezo wa kupokea data kwa njia nne tu, D4 hadi D7, na tutatumia huo kwa sababu unaokoa pini nne za bodi. Kwa hiyo D0, D1, D2 na D3, yaani pini za 7 hadi 10, zibaki bila kitu.

Ukiwa umechomoa kebo, unganisha hivi: RS ya skrini kwenye pini 12 ya Arduino, E kwenye pini 11, D4 kwenye pini 5, D5 kwenye pini 4, D6 kwenye pini 3, D7 kwenye pini 2. RW iende moja kwa moja kwenye GND. Waya hiyo ya mwisho huonekana ndogo na husahaulika, lakini ndiyo inayoiambia skrini kwamba kazi yake ni kupokea tu. Ikiachwa ikining'inia, skrini inaweza kudhani imeombwa kutuma, na mazungumzo yakavurugika.

Namba hapa zina mtego. D4 ni pini ya 11 ya skrini na inaenda kwenye pini 5 ya bodi, ilhali pini 11 ya bodi inaenda kwenye E. Vivyo hivyo D5 ni pini ya 12 ya skrini, na pini 12 ya bodi ni ya RS. Anayeunganisha kwa kufuata namba peke yake atazichanganya bila shaka. Afuate majina upande wa skrini na namba upande wa bodi, na atumie rangi tofauti kwa RS na E. Pini 0 na 1 za Arduino zisitumiwe, kwa kuwa ndizo zinazobeba mawasiliano ya USB na kompyuta.

Ni vizuri kujua kinachopita ndani ya waya hizi. Kila herufi ina namba yake: J ni 74, ambayo kwa biti nane huandikwa 0100 1010. Kwa kuwa njia ni nne, bodi huiweka kwanza nusu ya juu, 0100, kwenye D7 hadi D4, kisha hupandisha E na kuishusha. Pigo hilo la E ndilo linaloiambia skrini «soma sasa». Baadaye huweka 1010 na kupiga E mara ya pili. RS huwa juu wakati kinachotumwa ni herufi, na huwa chini wakati kinachotumwa ni amri, kama vile kufuta skrini au kuhamisha mahali pa kuandikia. Amri nyingi na herufi humalizika kwa mikrosekunde 37 hivi, lakini kufuta skrini nzima huchukua milisekunde 1.52, tofauti ya zaidi ya mara 40.

## Programu

Maktaba ya LiquidCrystal, yaani msimbo ulioandikwa tayari wa kuongoza skrini, huja pamoja na programu ya Arduino ya kompyuta, kwa hiyo huhitaji kuitafuta peke yake. Andika hivi:

```
#include <LiquidCrystal.h>

LiquidCrystal lcd(12, 11, 5, 4, 3, 2);

void setup() {
  lcd.begin(16, 2);
  lcd.print("Jambo Lubumbashi");
}

void loop() {
  lcd.setCursor(0, 1);
  lcd.print(millis() / 1000);
}
```

Namba sita zilizo kwenye mabano zinafuata mpangilio huu: RS, E, D4, D5, D6, D7. Ukilazimika kuhamisha waya, badilisha namba hapo na si mahali pengine. Salamu hiyo ina herufi 16 pamoja na nafasi, nayo inajaza mstari wa juu kwa ukamilifu. Ukiandika maneno marefu zaidi hayatateremka kwenye mstari wa pili, kwa sababu kumbukumbu ya skrini ina nafasi 40 kwa kila mstari hata kama kioo kinaonyesha 16. Yaliyozidi yataandikwa nje ya upeo wa macho. Hesabu za mistari na visanduku huanzia sifuri, ndiyo maana setCursor(0, 1) ni mwanzo wa mstari wa chini.

Pakia programu. Vijisanduku vitatoweka, salamu itatokea, na chini yake sekunde zitaanza kuhesabika. Rekebisha potenshometa mara ya mwisho mpaka herufi zikolee bila vivuli nyuma yake.

Kuna jambo litakalokukuta siku utakapoonyesha namba inayopanda na kushuka. Skrini haifuti chochote isipoamriwa, kwa hiyo 100 ikishuka hadi 99, tarakimu ya mwisho ya namba ya zamani hubaki na utasoma 990. Wengi hukimbilia lcd.clear() kila mara, na kioo huanza kupepesa kwa sababu ya zile milisekunde za kufuta. Afadhali kuandika nafasi mbili tupu baada ya namba, zifunike mabaki.

Upande wa lugha, Kiswahili kinakaa vizuri kwenye skrini hii kuliko Kifaransa. Skrini nyingi zinazouzwa zina jedwali la herufi za Kilatini zisizo na alama pamoja na herufi za Kijapani za katakana. Ukiandika «Joto» hakuna tatizo. Ukiandika «Température», kompyuta huihifadhi é kwa baiti mbili, na skrini huonyesha kila baiti kama herufi ya katakana, hivyo neno la herufi 11 linachukua visanduku 12 na katikati yake kuna Kijapani. Alama ya digrii ina dawa rahisi: lcd.write(223) huchora kiduara kidogo kinachofaa kabisa. Kwa é inabidi uichore mwenyewe, kwa kuwa skrini inatoa nafasi nane za herufi za kubuni, kila moja ikiwa na nukta tano kwa upana na nane kwa urefu:

```
byte e_alama[8] = {
  B00010,
  B00100,
  B01110,
  B10001,
  B11111,
  B10000,
  B01110,
  B00000
};
```

Ukiangalia zile 1 kwa jicho la karibu utaiona e na mkwaju wake juu. Ndani ya setup, baada ya lcd.begin, weka lcd.createChar(1, e_alama) ikifuatwa na lcd.setCursor(0, 0), na popote unapoitaka andika lcd.write(1). Nafasi huanzia 0, lakini kutumia 0 kwenye lcd.write huleta kosa wakati wa kuandaa programu, kwa hiyo anza na 1 uepuke usumbufu.

## Skrini inapokataa

Vijisanduku vikibaki mstari wa juu hata baada ya kupakia programu, chipu haijasikia amri za mwanzo. Kagua E, kisha RS, kisha hakikisha RW ipo kwenye GND, kisha linganisha namba za kwenye programu na waya zenyewe. Waya mbili za data zikibadilishana mahali, kwa kawaida hutapata herufi zisizo sahihi kama wengi wanavyodhani. Amri za mwanzo zenyewe huharibika, na kioo hubaki na vijisanduku au huwa kitupu.

Hitilafu yenye kusumbua zaidi ni ile ya skrini iliyofanya kazi vizuri kisha ghafla ikajaa katakana. Sababu iko katika zile nusu mbili. Tuseme kishindo cha umeme kimeingia kwenye waya ya E na skrini ikahesabu pigo ambalo bodi haikulipiga. Kuanzia hapo skrini huunganisha nusu ya pili ya herufi moja na nusu ya kwanza ya herufi inayofuata: J ni 0100 1010 na a ni 0110 0001, na skrini sasa inasoma 1010 0110, ambayo ni herufi ya Kijapani. Haitajirekebisha yenyewe, kwa sababu bodi haijui kwamba kuna kilichoteleza. Ukibonyeza kitufe cha kuanzisha upya cha Arduino, amri za mwanzo zitarudisha mpangilio, na hilo ni jaribio zuri: kama kitufe kinaponya, tatizo ni kishindo cha umeme au kiungo kilicholegea, si programu. Fupisha waya zisizidi sentimita 30, ziweke mbali na relei, mota ya pampu au waya za jenereta, na uweke kapasita ya nanofaradi 100 kati ya VDD na VSS karibu kabisa na skrini.

## Moduli ya waya nne

Zipo skrini zinazouzwa zikiwa na kibao kidogo cheusi kilicholehemiwa mgongoni, chenye chipu ya PCF8574, ambacho hupunguza waya kuwa nne: GND, VCC kwenye 5V, SDA kwenye A4 na SCL kwenye A5. Kwa kifaa cha kudumu ningechagua hiyo. Kwa kujifunza ningeanza na waya nyingi, maana aliyeanza na nne hajui cha kukagua kitu kinapoharibika. Potenshometa ni ile ndogo ya buluu iliyo kwenye kibao hicho, na hutoka kiwandani ikiwa imegeuzwa ovyo, hivyo igeuze kabla ya kulaumu kitu kingine. Maktaba inayotumika mara nyingi ni LiquidCrystal_I2C, ambayo lazima ipakuliwe, na anwani ya kuandika kwenye programu kwa kawaida ni 0x27, au 0x3F ikiwa chipu imeandikwa PCF8574A. Wenye bodi za ESP32 waangalie: kibao hicho kikipewa volti 5 huzipandisha SDA na SCL hadi volti 5, wakati pini za ESP32 ni za volti 3.3.

## Kuipa kazi ya kweli

Katika nyumba nyingi za mjini ambako umeme hukatika na taa za usiku hutegemea betri ya sola, kazi ya kwanza yenye maana ya skrini hii ni kuonyesha volti za betri. Arduino haiwezi kupokea zaidi ya volti 5 kwenye pini A0, kwa hiyo volti za betri hugawanywa kwa rezista mbili: ya kiloomu 22 kutoka chanya ya betri hadi A0, na ya kiloomu 10 kutoka A0 hadi GND. Hasi ya betri lazima iungane na GND ya bodi. Weka fyuzi ya ampea 1 kwenye waya ya chanya, karibu na betri yenyewe, kwa sababu chanya na hasi za betri ya gari au ya sola zikigusana huyeyusha waya nyembamba kwa sekunde chache.

```
void loop() {
  float betri = analogRead(A0) * 5.0 / 1024 * 3.2;
  lcd.setCursor(0, 1);
  lcd.print("Betri ");
  lcd.print(betri, 1);
  lcd.print(" V  ");
  delay(1000);
}
```

Namba 3.2 ni jumla ya rezista, 32, kugawanya kwa 10. Namba 5.0 ni volti za bodi, na hapo ndipo usahihi hupotea: pini ya 5V ya bodi inayotumia USB inaweza kuwa na 4.8 badala ya 5. Ipime kwa multimita na uandike ulichokipata. Betri ya risasi ya volti 12 iliyopumzika huwa na karibu 12.7 ikiwa imejaa na karibu 12.2 ikiwa imefika nusu. Isome wakati haichajiwi wala haiwashi kitu.

Kuilisha bodi kutoka kwenye betri hiyohiyo kuna njia mbaya na njia nzuri. Tundu la duara la Arduino linapendekezwa kwa volti 7 hadi 12, wakati betri inayochajiwa na jua hupanda hadi 14 na zaidi. Bodi haitakufa mara moja, lakini kidhibiti chake cha volti kitageuza ziada yote kuwa joto. Ni bora kutumia chaja ya simu ya kwenye gari, ile inayobadilisha volti 12 kuwa 5, na kuingiza kebo ya USB hapo. Benki ya umeme ya simu nayo hukatisha tamaa, kwa kuwa nyingi hujizima zikiona mkondo mdogo kama wa bodi na skrini.

Ukihamisha kila kitu kwenye kisanduku, skrini ina ukubwa wa milimita 80 kwa 36 na matundu manne ya skrubu pembeni. Usikaze skrubu mpaka ubao ujipinde. Toboa pia tundu dogo mkabala na potenshometa, la kupitisha bisibisi, kwa kuwa ukolevu wa herufi hubadilika na joto la hewa: katika asubuhi za Juni na Julai hapa Lubumbashi, kipimajoto kinaposhuka chini ya digrii 10, herufi zilizorekebishwa vizuri wakati wa joto la Oktoba hufifia, na itabidi uzungushe kidogo kuelekea upande wa GND.